Mbwa wa Dada Alipoingia Shimoni

Dada yangu alipohamia Dar aliniachia mbwa wake, jike la aina ya dashundi, mwenye mwili mrefu na miguu mifupi mno. Aliniambia kwamba zamani Wajerumani waliwazalisha mbwa hao ili waingie kwenye mashimo na kupigana na wanyama humo humo. Nilicheka. Huyu wangu alikuwa akilala mapajani na kutetemeka kila mvua ya Tukuyu ilipopiga bati.

Asubuhi moja mimi na mama tulikuwa shambani kwetu Isongole tukichimba viazi. Mbwa alinusa shimo pembeni mwa shamba, akaingia, akapotea. Tulimsikia akibweka chini ya miguu yetu, kisha mnyama mwingine akanguruma, kisha kukawa kimya.

Nilipiga magoti nikaingiza mkono. Mama akanivuta bega.

"Toa mkono, mwanangu! Huyo ni nyegere, atakukata vidole."

Nikachukua jembe. Nilichimba polepole, maana kila nilipolishusha niliogopa kumpasua mbwa mwenyewe. Hatimaye udongo ulibomoka, nikaona mkia wake. Nikamshika miguu ya nyuma, nikavuta.

Alitoka sikio limechanika, uso umejaa udongo, akanitolea meno kama hanijui. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mama aliziba shimo upesi kwa jiwe. Mimi nilimviringisha mbwa ndani ya sweta langu, nikambana kifuani njia nzima, kwa sababu bado alikuwa akihangaika kurudi kule.