Hadithi Iliyokatikia Mtoni

Mhadhiri wa fasihi simulizi alikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, na vidole vyeupe kwa chaki hata siku asizoandika. Kila kipindi aliweka simu mezani, akawasikilizisha wanafunzi sauti ileile ya bibi mmoja akisimulia hadithi ya Kiha. Bibi alipoanza na salamu, "Mwakeye", mhadhiri aliinama, akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyowaamkia wakubwa wao. Darasa likavunjika mbavu: mtu mzima anaamkia simu! Yusra, mzaliwa wa Ujiji, alicheka kuliko wote. Hadithi ilikatika msichana akiwa mtoni, mama yake anamwita. Hapo mhadhiri alizima simu, akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Siku ya kipindi cha mwisho Yusra alibaki nyuma. "Mwalimu, yule msichana aliitika?"

Akafuta ubao kwanza. "Sijui, mwanangu. Nilikwenda Mwandiga kumrekodi mama yangu, akaanza kukohoa. Nikamwambia apumzike, tutamalizia Jumapili." Akaipangusa simu chaki kwa shati lake, taratibu. "Jumamosi tukamzika."