Nimesamehewa nikiwa kwenye pikapu

Mama mkwe amenikuta nimelala kwenye bodi ya pikapu, mchana kweupe, nyumbani kwangu hapa Bariadi!

Kesho naenda Bukundi kununua pamba, na nitalala humuhumu garini. Basi nikatandika godoro nijaribu.
Bodi yenyewe fupi! Miguu yote nje.

Mara mkwe huyo anaingia, kuku mkononi. Mimi nina kaptula tu! Nikajifunika shuka, nikajifanya nimesinzia.

Akageukia pembeni kwa heshima, akamwambia mke wangu: "Mwanangu, mume hata akikosa halazwi nje."

Nikasubiri mke aeleze. Wapi!
"Haya mama, kwa heshima yako nimemsamehe."

Sasa kuku keshachinjwa, mkwe kakaa mlangoni, mimi bado nimo humu, jua linanichoma nyayo.

Jamani, nimesamehewa kosa gani?