Sarafu Iliyolala Kwenye Samli

Kwetu, babu Mbwana husifiwa kila Idi. Pilau ikishaliwa, mjomba Bashiri hukohoa, hujiweka sawa kwenye mkeka, kisha huanza: "Baba yangu alichapwa viboko ishirini na tano na Wadachi kwa kusema kweli." Watu huitikia, na wapo wanaofuta machozi. Mimi huinuka nikaoshe masufuria, maana nikikaa nitasema neno la kuharibu sikukuu. Leo nalisema kwa maandishi, na atakayenuna anune.

Habari hizi nilipewa na bibi Tabu, mkewe, aliyeishi naye miaka arobaini na sikumsikia akimsifu hata siku moja.

Mbwana alikuwa Mrangi wa Kondoa. Reli ilipofika Dodoma naye alifika, na mkeka mmoja na sauti. Sauti hiyo ikampatia kazi ya udalali. Kila Jumamosi, barazani kwa Mhindi mmoja jirani na stesheni, alinadi chochote kilicholetwa: ngozi za ng'ombe, blanketi za marehemu, baiskeli ya Mzungu aliyerudi kwao. Akisema mara ya kwanza, aliye ng'ambo ya reli alisikia.

Udalali alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alikuwa na sheria moja: taja kasoro kabla ya sifa. Blanketi likiwa na tundu, Mbwana alipitisha kidole kwenye tundu akakichezesha, watu wakacheka, ndipo akanadi. Kwa hiyo watu walimwamini, na kwa hiyo waliuza kwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yeye hakutia maji hata tone. Kosa lake lilikuwa jingine.

Sarafu nazo zilipita mkononi mwake. Wanawake wa Kigogo walizitoboa fedha za zamani wakazivaa shingoni, na fedha ikishatobolewa, wenye maduka na serikali bomani waliikataa. Mwenye shida aliileta mnadani, na aliyeinunua mara nyingi ni sonara, aiyeyushe atengeneze bangili. Mbwana aliipima kwenye mzani, akaiangusha juu ya jiwe lake jeusi, akainamisha sikio asikilize mlio. Uzito na mlio, basi. Mwaka ulioandikwa juu yake haukumhusu kitu.

Kisha akaja Mdachi mmoja, Mjerumani wa kupima njia ya reli, ambaye watu walimwita Bwana Kioo kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokining'iniza kifuani. Jina lake la kwao silijui na sitaki kulijua. Alipenda sarafu kuukuu. Alikaa mbele kwenye kiti alicholetewa na Mhindi, akapandisha bei kwa kuinua kidole, na alipomshinda sonara alimpa babu sigara. Babu hakuvuta sigara. Alizipanga kabatini wageni wazione.

Mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na moja, mwezi wa Julai, upepo wa baridi ukivuma, Zipora alishuka kwa miguu kutoka Makutupora. Alikuwa Mgogo, mjane, amebatizwa na wamisheni. Bintiye Loisi alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, akamwachia mtoto mchanga wa kiume, Sila. Ng'ombe wa ukoo walikwisha kwa tauni, na ndugu wa marehemu mumewe, kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutokuwa na maziwa. Zipora alitaka ng'ombe mmoja mwenye ndama. Hakutaka kitu kingine duniani, na aliyasema hayo barazani mbele ya watu wote, mtoto yuko mgongoni ananyonya kona ya nguo.

Alichokuja nacho ni kibuyu kidogo cha samli. Ndani ya samli mlikuwa na sarafu moja kubwa ya rupia mbili, ambayo baba yake alilipwa alipobeba mizigo kwenda pwani. Mzee yule aliamini kwamba kitu chema hutunzwa kwenye mafuta, kama ngozi ya bibi harusi, akaitumbukiza humo, na mama yake Zipora akawa anabadilisha samli kila mwaka. Haikutobolewa, haikuvaliwa, haikupita sokoni. Miaka kumi na saba ilikaa gizani, imenona.

Babu akaitoa kwa vidole viwili, akaifuta na kanga. Upande mmoja Kaizari na kofia yake yenye sanamu ya tai, upande mwingine simba na mnazi. Akaiangusha juu ya jiwe. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye maandishi, mlio ukatoka umeziba.

Basi dalali mwaminifu akafanya uaminifu wake. "Jamaa, nawaambia kasoro kwanza," alinadi. "Rupia mbili hii wenye maduka hawaipendi, wengi hawajapata kuiona. Ina mafuta hata kwenye masharubu ya Kaizari. Mlio wake si mzuri. Sasa nani ataanza na mbili?"

Watu wakacheka, masharubu yaliwafurahisha. Sonara akaanza na mbili, akaenda mbili na nusu, akafika tatu akanyamaza, maana hakutaka kazi ya kuichemsha. Bwana Kioo akaiomba aione. Aliishika kwa ukingo, akaiwekea kioo, akaitazama muda mrefu, na bibi Tabu, aliyekuwa akiuza vitumbua pale pembeni, alisema yule mtu alikifuta kioo kwa shati akaitazama tena. Babu hakuliona hilo. Alikuwa anawaangalia watu waliocheka.

"Nne," akasema Bwana Kioo.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kwa desturi ya mnada ule, kabla ya mara ya tatu mwenye mali ana haki ya kukataa, akachukua kitu chake na asilaumiwe. Zipora akasogea akasimama mbele ya babu.

"Kaka," alimwuliza, "nne hainipi ng'ombe. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Nitoe, au nirudi nayo nyumbani?"

"Toa, mama," akajibu babu. "Haitapanda zaidi ya hapo. Ukirudi nayo utarudi na mafuta tu."

Akatoa. Katika rupia nne babu alikata ushuru wake, hela tano kwa kila rupia ya hela mia, yaani hela ishirini. Zipora akanunua mbuzi wa maziwa pale pale mnadani. Bibi Tabu akampa vitumbua viwili vya njiani, akamwangalia akiondoka na mbuzi mbele na mtoto nyuma. Zile hela ishirini babu alinunulia sukari. Bibi aliniambia kwamba naye aliitia kwenye chai yake, kwa hiyo nami nisijifanye kwamba sukari ile haikufika kwenye ukoo wangu.

Bibi aliuliza mara mbili au tatu katika miezi iliyofuata, "Yule mtoto wa Makutupora je?" Babu akajibu, "Si alipata mbuzi." Makutupora ni mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri. Kila wiki kulikuwa na watu waliotoka huko kuja sokoni. Hakumwuliza hata mmoja.

Mwaka ukapinduka. Mwezi wa Juni Bwana Kioo akaja mnadani amefurahi, kachukua kitabu chembamba kilichotoka Ulaya kwa meli. Huko kwao, alieleza, kuna nyumba kubwa za mnada zisizouza kitu kingine ila sarafu, na kabla ya kuuza huchapa kitabu chenye picha, na baada ya kuuza hutuma karatasi ya bei. Hakuwa akificha, na hili ndilo linaloniunguza zaidi kuliko yote. Mwizi angeficha. Yeye alimwonyesha babu kama mtu anayemwonyesha rafiki picha ya harusi.

"Tazama, Mbwana. Hii ile yako ya mafuta. Mafuta mazuri sana, imekuwa mpya kama imetoka kiwandani jana. Watu watano wameigombania."

Kwenye karatasi ya bei, pembeni ya namba ya picha, iliandikwa mia mbili na arobaini. Kidachi babu hakukijua, lakini tarakimu ndizo kazi yake, na mark nne, fedha ya Wadachi, ni rupia tatu, hilo hata muuza mkaa alilijua. Rupia mia moja na themanini. Ng'ombe mwenye ndama alikuwa rupia thelathini. Alisimama pale akigawanya, akapata ng'ombe sita, akagawanya tena.

"Bwana, ulijua siku ile?" akamwuliza.

"Nilijua. Lakini muuzaji ndiye apasaye kujua mali yake. Na wewe ulisema ni mbovu, mimi sikusema." Akampa sigara.

Babu alirudi nyumbani hakula. Aliitoa ile safu ya sigara kabatini akazitia motoni moja moja, na bibi akakaa anatazama moshi. Hakumtuliza. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na hasira zaidi yake, na hasira yake ilikuwa na macho mawili, moja kwa Mdachi na moja kwa mumewe.

Jumamosi ya pili yake mwanamke mmoja wa Kigogo alileta mkufu wa sarafu saba. Baraza limejaa, Bwana Kioo kwenye kiti chake. Babu akaushika mkufu juu, lakini hakutaja kasoro wala sifa. Alinadi hivi, kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo chake cha kuungaunga, kwa ile sauti ya kuvuka reli:

"Akina mama, sikilizeni. Sarafu ya Zipora niliiuza kwa nne. Ulaya imeuzwa mia na themanini. Mnunuzi ni yule pale. Mwenye sarafu kuukuu aifunge, aende nayo kwake, na asiitoe mpaka aambiwe ina nini. Mimi niliwadanganya bila kujua. Leo sinadi."

Mwenye mkufu akaupokea, akauvaa, akaenda zake. Nyuma yake wakaondoka wengine, hata waliokuwa wameleta kuku. Bwana Kioo akawa mwekundu, akasimama, na Mhindi akakimbia ndani. Kabla ya adhuhuri askari wawili walikuja kumchukua babu. Kosa lake liliandikwa kwamba amevuruga soko na kumvunjia Mzungu heshima. Akalazwa kifudifudi uani, akapigwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano, na akakatazwa kunadi Dodoma.

Hapo ndipo mjomba Bashiri anapofunga hadithi yake, watu wakasema Alhamdulillahi. Angefika mbele kidogo tu.

Mgongo ulipopona, babu aliuza mzani, akauza kanzu mbili, akachukua na akiba ya vitumbua ya bibi Tabu, akanunua ng'ombe mweusi mwenye ndama. Bibi hakuikatalia akiba hiyo. Alimwambia tu, "Ungemtuma mtu kwanza aulize." Yeye akaona aibu kutuma mtu. Alitaka afike mwenyewe na kamba mkononi, aonekane.

Walifika Makutupora jua la mchana, bibi nyuma yake, ndama nyuma ya bibi. Zipora alikuwa juu ya paa bapa la nyumba yake ya tembe anaanika uwele.

"Mbukwa, mama," babu aliamkia.

"Mbukwa," akaitikia, akashuka taratibu. Habari za mnadani na za viboko zilikwisha kumfikia. Aliutazama mgongo wa babu, akamtazama ng'ombe, akatazama kiwele.

"Nimekuletea ulichokitaka," akasema babu. "Kwa ajili ya Sila."

"Mbuzi alikauka Oktoba, majani yalipokwisha," Zipora alisema. "Nikampa Sila uji wa uwele, tumbo likamkataa. Novemba nikamzika, pale nyuma ya zizi. Mvua ilinyesha siku ya nne yake."

Babu akaanza kusema kwamba hakujua. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mimi mjukuu ninaona haya hata kuliandika neno lile la kutojua. Hakujua bei, sawa, nani angejua. Lakini hili la mtoto lilikuwa mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri.

Zipora hakupaza sauti. Alichukua kamba mkononi mwa babu, akaishika kidogo, kisha akamrudishia.

"Kaka, wewe ni dalali. Ulinadi kitu changu watu wakacheka. Sasa mnadi huyu. Majirani wale wanakuja, watakusikia. Taja kasoro kwanza, kama kazi yako ilivyo. Waambie amechelewa miezi minane. Kisha uliza nani atanipa Sila."

Majirani walikuwa wamekwisha kusimama kwenye ua, wanawake na watoto. Walingoja. Babu akafungua mdomo. Bibi Tabu aliniambia kwamba alimwona akivuta pumzi kama anavyoivuta barazani, kifua kikajaa, na hakikutoka kitu, hata mkoromo.

Ndipo Zipora akachukua kibuyu, akachuchumaa, akamkama yule ng'ombe palepale mbele yake. Akawaita watoto wa jirani, akawanywesha mmoja mmoja, akawafuta midomo kwa kanga. Bibi Tabu naye alipewa, akanywa. Babu alinyoosha mkono, na kibuyu kikapita mbele yake kikaenda kwa mtoto mwingine.