Kiti cha Nyuma

Baba watoto alianza kuwaendesha wageni kwa gari hadi mji mmoja wa kando ya mto, na juu mlimani kwenye hoteli za sehemu za baridi, kifungua mimba wetu bado ananyonya. Mimi niliambulia ahadi tu. "Nitakupeleka, mama watoto," mpaka ahadi yenyewe ikaota mvi. Alipostaafu, watoto wakatukodia gari na dereva twende huko.

Mjini nilitaka tutembee kando ya mto. Yeye akang'ang'ania kubaki garini, akimfundisha dereva kuegesha. Tulipoanza kupanda mlima, kila kona mguu wake ukakanyaga breki isiyokuwepo. Nikachoka naye.

"Kwani huko juu kuna nini cha kuona?" nikamuuliza.

"Wanasema mto wote unaonekana. Mimi nilikuwa naangalia barabara."

Baadaye mguu ukatulia. Kichwa chake kikaniangukia begani, akaanza kukoroma.

Dereva akapunguza mwendo. "Mama, wageni wote hushuka hapa kuangalia mto. Nisimame?"

Hapo ndipo nilipotamani kufika miaka yote hiyo.

"Usisimame," nikamwambia. "Gari likisimama, ataamka."