Sukari Niliyomficha Mavyaa

Siku ile naikumbuka hata leo, mwanangu, japo nywele zimekuwa nyeupe. Nilikuwa mke mgeni hapa Kibuyuni, na mimi ndiye niliyemtunza mavyaa, mama yake mume wangu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kliniki walimwambia apunguze vitamu. Mimi nikalificha kopo la sukari sandukuni, chini ya leso zangu. Akili nyingi huondoa maarifa.

Asubuhi hiyo alijidunga insulini, na kabla hajanywa chai akaona maji ya bahari yametoka, akakimbilia shamba lake la mwani. Nilizoea kumsikia akirudi anaimba. Siku hiyo alirudi kimya, anapepesuka, jasho linamtiririka.

“Mwanangu, nipa sukari.”

“Mama, si umekatazwa? Pumzika kwanza.”

Nikampepea. Mara akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Hapo nikaogopa, nikamwita jirani yetu Bi Rukia, muuguzi mstaafu. Alimshika mkono tu, akaniuliza, “Amekula nini tangu ajidunge?”

“Hajala.”

“Leta sukari upesi, maadamu bado anaweza kumeza.”

Tukamnywesha maji ya sukari, funda kwa funda, hata akanitambua. Kisha akala muhogo.

Bi Rukia akanieleza: mwili hauishi bila sukari. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini kwa kiasi, nayo huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ikawe nguvu; sukari ikipungua, ini hutoa akiba. Lakini sindano ikishaingia hairudi nyuma. Usipokula, sukari hushuka tu.

Mavyaa hakunigombeza. Alisema, “Umenitunza vyema, mwanangu. Ila nilipokuomba, hukunisikiliza.” Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Tangu hapo alifunga sukari kwenye ncha ya leso kila alipokwenda mwani, akaishi miaka mingi. Hata sasa nikinusa mwani ulioanikwa, namwona.

Basi mwanangu, sukari ikizidi huharibu mwili polepole, ikishuka mno huua upesi. Ukijidunga, kula. Ukimwona mgonjwa wa sukari anatetemeka na kutokwa jasho, mpe kitamu. Akizimia usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Na mgonjwa akisema, msikilize, kwani kitanda usichokilala hujui kunguni wake.

Mwenyezi Mungu akujaalie siha, na siku utakapokuwa mnyonge, akupe wa kukusikiliza. Amina.