Saa Iliyorudishwa Mara Mbili

Mume wangu, Mfeddal Akalay, hakulala kazini. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu Lalla Sfia aliyasema tena hamamuni, nami nikiwa chumba cha pili, masikio yangu mazima. "Maskini Mfeddal, saumu ilimlaza, treni ikaondoka tupu." Wanawake wakacheka. Siku ile ya treni mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama. Hakuna aliyekuwa amefunga hapa Tanja, Moroko, na Mfeddal alitoka nyumbani kwetu akiwa na glasi tatu za chai tumboni.

Alikuwa mpanga ratiba bandarini. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ya simu: meli inafunga kamba lini, kreni zinaanza lini, treni ya mizigo ya Kasablanka ingoje au iondoke. Alikuwa mtu asiyetulia. Alikula amesimama, na akikaa, goti lake lilitikisa meza mpaka chai ikamwagika.

"Kaa kama binadamu," nilikuwa nikimwambia.

"Meli haikai, Lalla Zhor."

Kisha ukaletwa mfumo wa kompyuta walioupa jina Wasl. Ukaziweka meli, kreni, malori na treni kwenye skrini moja. Meli ikikawia baharini, stesheni inapata habari hapo hapo, na madereva wa malori wanaitwa kwa simu zao. Mfeddal aliupenda kuliko vijana walivyoupenda. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Meli hufuata saa ya dunia, sisi hufuata yetu, na Jumapili ya kabla ya Ramadhani saa zetu nchi nzima hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kila mwaka alikuwa akisahihisha kwa kalamu, meli moja baada ya nyingine.

Juma lile la kabla ya Ramadhani aliuliza mara tatu kama Wasl unaijua Ramadhani. Mara tatu akajibiwa, akiitwa Si, ndiyo bwana kwetu kama Lalla ilivyo bibi: "Usijali, Si Mfeddal, mashine inajua." Hakuna aliyemwonyesha. Basi Jumamosi alasiri akaingia kwenye mipangilio, pasiporuhusiwa mpanga ratiba kugusa, akazirudisha nyuma kwa saa moja nyakati za meli zote za kesho yake. Kabla ya alfajiri mfumo nao ukazirudisha wenyewe, mara ya pili.

Jumapili saa nne asubuhi skrini ilisema meli imekwisha kupakua. Treni ikaitwa. Mfeddal aliinua macho dirishani akaona kreni bado zinashusha. Akakimbia, akapiga simu stesheni, akaomba treni izuiliwe saa moja tu. Haikuwezekana, treni ya abiria ilikuwa nyuma yake. Mabehewa yakaondoka matupu, makontena arobaini na mawili yakabaki gatini, na kiwanda cha magari kilichokuwa kikiyangoja kikasimama nusu siku.

Siku ya pili ya Ramadhani, magharibi ikikaribia, mkuu wake Si Ayashi alikuja kwetu na karatasi ya taarifa ya kutiwa saini. Mfeddal aliisoma huku akiizunguka meza.

"Umeandika nimesinzia."

"Ni neno dogo, Si Mfeddal. Mtu wa miaka hamsini na minane akisinzia anapewa onyo, yamekwisha. Ukisema umegusa saa, watauliza umeingiaje, na nani kakupa neno la siri. Hapo mimi sina uwezo. Na umebakiza miaka miwili kufikia pensheni."

"Mimi sijui hata kusinzia. Muulize huyu."

"Hata kitandani hatulii," nilisema. "Ananipiga mateke mpaka asubuhi."

Si Ayashi alicheka, akaona anacheka peke yake. Mfeddal alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Unasemaje, Zhor?"

Nilijua anachoniuliza. Mtoto wetu mdogo alikuwa chuo kikuu mwaka wa kwanza, nami nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye mshahara wa mwalimu. Nikasema, "Usitie saini neno ambalo si kweli."

Alilikata "alisinzia" kwa mstari, akaandika juu yake: "alirudisha saa nyuma, akiwa macho." Akatia saini.

"Na neno la siri?" Si Ayashi aliuliza.

"Hilo halimo kwenye karatasi yako."

Alifukuzwa kabla ya Idi. Aliishi miaka minne baada ya hapo, akizunguka nyumba nzima kama mtu aliyeambiwa angoje, na sikumsikia akilalamika. Nakala ya karatasi ile ninayo. Atakaye kuisoma abishe hodi kwangu mchana.

Watu hunitazama, Lalla Sfia hata huuliza, wakitaka na jina lile jingine. Aliyempa Mfeddal neno la siri yuko hai, bado ana kazi yake bandarini, na jina lake nalijua. Silisemi. Lalla Sfia asiniulize tena.