Upindo wa Vidole Vinne

Dada yangu ni fundi cherehani, na hakati kitambaa kwa kukisia. Mimba ilipofika miezi sita, daktari alimwambia maji ya uzazi yamepungua kwa sababu figo za mtoto hazifanyi kazi vizuri, na wengi wa watoto wa hali hiyo hawaishi.

"Wengi ni wangapi?" dada akauliza.

Daktari akasema yote yatategemea mapafu, ambayo huhitaji maji hayo ili yakue, na hali yake haijulikani mpaka mtoto azaliwe.

"Kwa hiyo huyu bado hujampima. Basi usinikatie."

Mama mkwe akamsihi asishone nguo za mtoto, asije akajitonesha kidonda. "Sawa, mama," dada akajibu kwa adabu, kisha akakaa kwenye cherehani akashona gauni la mtoto wa miaka miwili, lenye upindo wa vidole vinne. Tulidhani amechanganyikiwa.

Binti alizaliwa mwembamba kama uzi, akawekwa kwenye oksijeni wiki tatu. Wauguzi walipima nepi zake kujua mkojo umetoka kiasi gani, na dada akaandika kila kipimo kwenye daftari lake la ushonaji, chini ya vipimo vya viuno na mabega ya wateja.

Figo moja haifanyi kazi kabisa, nyingine inajikongoja. Daktari bado haahidi kitu.

Juzi, binti alipotimiza miaka mitatu, dada alimpeleka kliniki akiwa amevaa gauni lile. Daktari akasema limemkaa vizuri.

Dada akageuza upindo akamwonyesha. "Nimefungua vidole viwili. Viwili bado vipo."